Kimo cha Jaji

Nyumbani
Tarehe 3 Machi

Baba Jaji,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Kwanza tafuta pa kukaa, maana ndani ya barua hii kuna fomu ya hospitali na sitaki uisome ukiwa umesimama juu ya hilo daraja mnalolijenga.

Jana nilimpeleka mwanao kliniki. Daktari wa watoto, yule mrefu anayekuna sikio akifikiri, alimpiga picha ya mifupa ya mkono, akaitazama kwenye mwanga, akasema Jaji ameanza kurefuka na si muda atafumka kama watoto wote wa miaka kumi na kuendelea. Nikamwambia kufumka si ugonjwa. Akasema, kwa mtoto asiyekaa, asiyesimama, asiyesema na anayebebwa kwa kila kitu, atakayeugua ni mama yake. Jaji alimtazama kwa yale macho yaliyompa jina, kama anayeandaa hukumu.

Ndipo akanieleza habari za dawa. Ni homoni. Anapewa kila siku kwa miaka miwili hivi, mifupa inafunga mapema na kimo kinasimama. Atakuwa mtu mzima mwenye mwili wa mtoto. Alisema si lazima, wala si jambo linalofanywa kila siku, ndiyo maana kuna kamati itakayokaa tarehe 20 Mei, na kamati haisikilizi chochote bila sahihi za wazazi wawili. Yangu nimeshaitia. Yako inasubiriwa hapo chini penye mstari.

Najua utauliza kwa nini. Kwa sababu leo Jaji anatoka. Kila asubuhi namwogesha, namvalisha, namfunga kwenye kiti chake na tunakwenda dukani pamoja. Anakaa kando ya cherehani, wateja wanamwonyesha vitambaa viwili na yeye anatazama kile anachokipenda. Hakosei. Mwalimu mkuu alipuuza shauri lake mara moja tu, akashonesha ile suti ya kijani, na hadi leo watu wanamwuliza kama ni sare. Huyu ndiye mtoto ambaye wakunga waliniambia nisimzoee. Sasa niambie, akifikia urefu wangu na uzito wangu, nani atamtoa nje? Atalala chumbani akitazama dari hadi tufe, yeye au sisi. Mtoto mdogo hubebeka, Baba Jaji. Sina sababu nyingine.

Salamu zimebaki chache. Mama yako hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Tia sahihi, uirudishe kwa lori lijalo.

Mama Jaji


Kambini
Tarehe 12 Machi

Mke wangu, Mama Jaji,

Lori la mahitaji lilileta barua yako jana pamoja na viazi na mafuta ya jenereta. Nimeshaisoma mara nne. Mtandao huku bado ni hadithi, kwa hiyo huwezi kunipigia simu ukanikaripia vizuri. Utanikaripia kwa lori.

Sijasaini.

Usiikunje barua, endelea. Nimeisoma fomu neno kwa neno. "Mzazi anaridhia" limeandikwa mara sita. "Mtoto" limeandikwa mara moja, kwenye kisanduku cha uzito. Penye urefu wameandika "makadirio". Yaani wanataka kusimamisha kitu ambacho hawajakipima. Mimi nikikata chuma bila kukipima, msimamizi wetu ananifukuza kabla ya chai.

Halafu nikajiuliza. Jaji angekuwa anatembea, anapanda ukuta wa jirani na kukujibu jeuri, tungekubali mtu aje amsimamishe kimo ili atufae sisi? Tungemtoa mlangoni yeye na dawa zake. Sasa kwa kuwa huyu hawezi kutamka neno "sitaki", ndiyo tumwamulie? Mwili ni wake. Ni kitu pekee alichonacho ambacho hukukishona wewe wala sikukichomelea mimi.

Najua kazi ni nzito. Basi tupunguze uzito wa kazi. Hapa tuna winchi ndogo za mkono, mtu mmoja anainua bamba la chuma ambalo wanne hawaliwezi. Nataka kukutengenezea ya nyumbani: reli darini kutoka kitandani hadi bafuni, winchi inayotembea juu yake, na chini yake fremu ya kiti yenye kitambaa. Unamweka, unazungusha mpini, anapanda, unamsukuma kwa kidole. Nimeshaipa jina, mbeleko ya chuma. Kitambaa utashona wewe. Nitumie vipimo vyake vyote, fundi ni wewe, sina haja ya kukufundisha.

Mbusu huyo Jaji. Mwambie baba yake amekata rufaa.

Mumeo


Nyumbani
Tarehe 21 Machi

Baba Jaji,

Mama yako alinishauri nisubiri siku tatu ndipo nijibu. Nimesubiri nne na bado nina hasira, kwa hiyo ushauri wake nimemrudishia.

Barua yako ni nzuri. Ningekuwa mgeni ningeisifu. Lakini wewe, bwana, mwaka wa pili huu unambeba Jaji kwa kalamu, na kalamu haina uzito. Mara ya mwisho ulipomwogesha alikuwa anaenea kwenye lile beseni la bluu. Unasema mwili ni wake. Sawa. Na ni nani anayeugeuza mwili huo kila baada ya saa tatu usichubuke? Ni nani aliyesikia mwezi wa kwanza, kwa kupumua kwake tu, kwamba kifua kimeanza kujaa? Daktari aliponieleza habari za dawa hakuniuliza kama nampenda mwanangu. Wewe umeniuliza, kurasa mbili nzima, bila kulitaja swali lenyewe.

Mimi ni mzima wa afya, usije ukadhani nalalamika. Nafikiria miaka ijayo, basi.

Vipimo hivi hapa, kwa sentimita. Bega hadi nyonga 36. Paja 30. Goti hadi kisigino 29. Upana wa nyonga 24. Urefu wote 114. Uzito wake umeuona kwenye fomu.

Tengeneza hiyo mashine yako, sikukatazi. Lakini kamati haingoji mashine. Saini.

Mama Jaji

Salamu zako zipo. Nimezifungia kabatini.


Kambini
Tarehe 9 Aprili

Mke wangu,

Mbeleko ya chuma imepanda lori leo asubuhi. Msimamizi aliniruhusu kutumia vipande vilivyobaki na akaja mwenyewe kukagua mishono yangu ya moto, akasema ingekuwa daraja angepita. Tuliijaribu kwa kumning'iniza mpishi wa kambi. Mpishi alisema hajabebwa tangu alipoachishwa ziwa, na akakataa kushuka.

Reli imekatwa vipande vitatu ili ipite mlangoni. Bolti ni nane, nimezitia kwenye soksi yangu ya kijivu. Mwombe jirani fundi bomba aifunge kwenye boriti za dari, asiguse ubao mwembamba. Fremu nimeikata kwa vipimo vyako, milimita kwa milimita, na nimeichomelea pande zote isilegee kamwe.

Fomu bado ninayo. Ijaribu kwanza hii. Ukiniambia haifai, nitasaini. Nimetoa neno langu.

Mumeo anayengoja lori


Nyumbani
Tarehe 17 Aprili

Baba Jaji,

Haifai. Saini.

Mama Jaji


Nyumbani
Tarehe 18 Aprili

Mwanangu,

Naandika kwa mashine kwa sababu mkono umeanza kutetemeka, na kwa sababu miaka thelathini na mmoja ya kupiga chapa barua za wakubwa imenifundisha kwamba watu huamini kilichopigwa chapa. Niamini basi.

Mkeo hajui kwamba nakuandikia. Najua utamwambia. Mwambie.

Juzi fundi bomba alimaliza kufunga chuma chako. Reli imenyooka, winchi inateleza bila kelele. Mkeo alishona kitambaa siku hiyohiyo, mishono mitatu mitatu, ungeweza kumbebea ng'ombe. Tukamweka Jaji kwenye fremu. Hakuingia. Mabega yalibaki nje, magoti yakapanda kifuani, naye akatutazama mmoja mmoja kama mahakama iliyoletewa ushahidi mbovu. Mkeo akasema umekosea kukata. Nikachukua futi, nikaipima fremu yako nikiwa na daftari lake la vipimo mkononi. Hukukosea hata milimita.

Ndipo nikautazama vizuri ukurasa wa Jaji kwenye daftari lile. Wateja wake wote, hata mwuza mayai anayeshonesha mara moja kwa mwaka, wana vipimo vya mwaka huu. Vya Jaji ni vya miaka miwili iliyopita, mwezi ule ulioondoka. Nguo zake mkeo amekuwa akizishona kwa kukisia. Anaacha pana, anakunja, anakunjua, lakini futi hajaigusisha mwilini mwa mwanawe tangu uende zako. Fundi wa mtaa mzima. Nikamwuliza kwa nini. Akakaa sakafuni akalia, na mimi sijawahi kumwona mkeo analia, hata siku Jaji alipozaliwa akiwa kimya.

Anaogopa, mwanangu. Kila sentimita aliiona ni siku moja iliyopungua ya kumtoa mtoto nje, basi akaamua kutozihesabu.

Jambo la pili ndilo aliloniapisha nisikuambie. Mwezi wa pili aliteleza bafuni akiwa amembeba Jaji. Alijigeuza hewani aanguke yeye kwa mgongo, mtoto asiguse sakafu. Jaji hakupata hata mchubuko. Yeye, pingili mbili zimehama. Anavaa mkanda wa mgongo chini ya gauni, anameza vidonge kabla ya kumwinua, na wiki iliyopita alikwama katikati ya chumba, mtoto mikononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, akaniita nimletee kiti. Nilikileta, na magoti yangu haya. Hataki ujue kwa sababu ungeacha kazi ukaja mbio.

Mimi nilikuwa upande wako. Nilisema mtoto akue, Mungu ndiye aliyemtia kimo. Lakini mimi na wewe tumeyasema hayo tukiwa tumekaa.

Mama yako


Kambini
Tarehe 2 Mei

Mke wangu,

Mama ameniambia yote. Usimgombeze, nigombeze mimi.

Fomu ni hii hapa, nimetia sahihi. Sikusaini kwa hasira. Katika yale maneno yangu yote ya haki niliuweka mwili wa Jaji, nikakiweka kimo chake na kesho yake, nikajiona nimemaliza. Mgongo wako sikuuweka popote. Sikujua, ni kweli, lakini pia sikuuliza. Barua tano nilizokuandikia tangu mwaka uanze, hakuna hata moja iliyouliza wewe unajisikiaje.

Na kuna jambo sijawahi kulisema kwa mtu yeyote. Siku niliyoondoka ulisimama mlangoni na Jaji begani. Nikapanda lori, na lilipopinda kona nikashusha pumzi. Nilifurahi, mke wangu. Kwa muda wa kama nusu saa nilikuwa mtu asiye na mtoto wa kubeba, na barabara niliiona nzuri sana. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta namna ya kuwa baba mwema kutoka mbali, na kukataa kusaini lilikuwa jambo jema lisilonichosha. Mtu aliyeshusha pumzi hana haki ya kumfundisha yule aliyebaki ameibana.

Nilichoandika mwezi wa tatu bado nakiamini. Sitakudanganya. Lakini siwezi kukiamini juu ya mgongo wako. Ukiipeleka fomu sitasema neno, leo wala uzeeni.

Nimeshamwarifu msimamizi kwamba mwisho wa mwezi huu naondoka kambini. Ungeniita au usingeniita, ningekuja.

Nisamehe.

Mumeo


Nyumbani
Tarehe 11 Mei

Baba Jaji,

Salamu nyingi, tena leo nazitanguliza.

Nilipoiona sahihi yako nilitazamia kufurahi. Nikaiweka mezani, nikaenda kukanda viungo vya Jaji, nikarudi, bado ilikuwa pale na bado sikufurahi. Nilipewa nilichokitaka nikagundua sikitaki. Usicheke. Habari za ile pumzi uliyoishusha nimezisoma pia. Siku nyingine nami huishusha, Jaji akishalala, halafu najiona mwovu. Basi tuko wawili, tusameheane yaishe.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jumanne mke wa mwuza vioo alileta vitambaa viwili vya gauni. Akamwonyesha Jaji. Jaji akatazama cha samawati. Yule mama akaniambia haya, kata hicho, akaenda zake. Hakuuliza kama mtoto anaelewa. Hakudai barua ya daktari. Nikabaki nimeshika mkasi. Miaka minne watu wazima wanasimama mbele za watu wamevaa uamuzi wa mwanangu, na mimi ndiye ninayewaambia hakosei. Mimi huyohuyo nimeupeleka mwili wake kwenye kamati bila kumwuliza hata mara moja.

Nilifunga duka.

Kwanza nilimpima. Nilimlaza juu ya meza ya kukatia, mama yako akashika kisigino, mimi nikashika futi. Sentimita 127. Ameongeza kumi na tatu, na zote nilikuwa nimezikunja ndani ya mapindo nisizione. Nilidhani nitaogopa. Badala yake nilipiga kelele za furaha hadi fundi bomba akachungulia dirishani. Wakunga walisema hatamaliza wiki. Aliyeambiwa hatamaliza wiki ana sentimita mia moja ishirini na saba.

Kisha nikamwuliza. Nilikata tepe mbili nyekundu, moja sawa na kimo chake cha leo, nyingine sawa na kimo changu. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Nikamwambia kwa huu mfupi kuna dawa, utabaki ulivyo, nitakubeba kirahisi na dukani tutakwenda kila siku. Kwa huu mrefu utakuwa mzito, utabebwa na chuma na watu wengi, na siku nyingine huenda usitoke. Sikumficha kitu. Mgongo wangu nao nikamwambia, nadhani alishaujua kabla yako. Akautazama mrefu. Nikabadilisha mikono, akautazama mrefu. Nikampa mama yako azishike, maana niliogopa anataka kunifurahisha mimi. Akautazama mrefu. Mara ya nne akafumba macho, kesi imekwisha.

Sijui alielewa kiasi gani. Nakuambia ukweli. Labda aliupenda tu mwekundu ulioning'inia hadi chini. Nilimpigia simu daktari, nikasikia anavyokuna sikio, akasema huo si ushahidi. Nikamwambia ni kweli, daktari, lakini nilichokuleteeni kabla ya hapo kilikuwa hofu, nanyi mliipokea mkaigongea muhuri. Akasema nije na maneno hayo kwenye kamati.

Nitakwenda tarehe 20. Nitawaomba muda tujibu sote kwa maandishi. Mgongo nimeupumzisha: asubuhi anakuja dada yako, jioni fundi bomba na mkewe. Niliwaomba. Kubeba hakujawahi kunishinda, ni kuomba ndiko kulikokuwa kunanishinda, na kumbe walikuwa wanangoja niombe.

Vipimo, na hivi nimevipima kwa mkono wangu: bega hadi nyonga 41, paja 35, goti hadi kisigino 33, nyonga 27. Na wewe nawe, fundi gani anamkatia mtoto nguo bila kuacha pindo la kukunjua? Acha nafasi ya kuongeza.

Njoo.

Mke wako


Kambini
Tarehe 19 Mei

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya daraja, nimesimama, na sikuanguka.

Fremu mpya imekamilika. Mirija miwili inaingiliana kila upande, yenye matundu sita na pini. Atakaporefuka unachomoa pini, unavuta, unachomeka. Itamfaa hadi akupite. Ile ya zamani usiitupe, msimamizi ana mjukuu wa miaka sita ambaye naye habebeki, nimeahidi kumpelekea. Hakuwahi kututajia. Miaka miwili tumekula meza moja.

Kesho utakaposimama mbele ya kamati nami nitakuwa nimesimama, japo huku. Mpya siipakii kwenye lori peke yake. Naja nayo.

Mumeo


Nyumbani
Tarehe 14 Juni

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Tiba,
Hospitali.

YAH: KIMO CHA MTOTO WETU

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tafadhali rejea kikao cha tarehe 20 Mei, ambapo kamati yako ilimpa mama wa mtoto wiki nne za kujibu kwa maandishi. Jibu letu ni kwamba hatutaendelea na dawa. Fomu tunairudisha. Kila mmoja wetu amefuta sahihi yake kwa mkono wake.

Hatusemi kwamba mzazi anayesaini amekosa. Mmoja wetu alisaini kwa maumivu na mwingine kwa aibu, na wote tulikuwa tunampenda mtoto siku ile kama tunavyompenda leo. Tunaomba hivi tu. Mama mwingine akija mbele yenu na fomu hiyo, kabla ya kumwuliza anaridhia nini, mwulizeni analala saa ngapi na nani anampokea mzigo. Mwulizeni mgongo wake. Mkishajua hayo mwambieni kwamba kuna winchi. Baba wa mtoto amerejea na amefungua karakana nyuma ya duka la mkewe, na wazazi wawili waliokutana na mama huyu kwenye benchi lenu la kusubiri wameshaleta vipimo vya watoto wao.

Mnaweza kuuliza kama tuna hakika. Hatuna. Atakuwa mzito, na huenda kuna siku tutaitafuta namba ya daktari tukijuta. Siku hiyo tutakuja, lakini tutakuja wote na yeye akiwemo.

Kwa kumbukumbu zenu: Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi mtoto alipandishwa kwa mara ya kwanza kwenye fremu mpya. Mama yake alizungusha mpini. Mtoto alipanda hadi miguu ikaning'inia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi akamtazama mama yake kutoka juu. Mama alibaki na mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mtoto alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Alipelekwa bafuni, akarudishwa, akapelekwa tena, jumla safari saba, na hakuna hata moja iliyokuwa na shughuli ya bafuni. Baba alikwenda jikoni akidai moshi umemwingia machoni. Jikoni hakukuwa na moto. Mpiga chapa wa barua hii, ambaye ni bibi wa mtoto, alishuhudia na yuko tayari kuapa.

Jambo la mwisho linahusu fomu yenyewe. Ina mstari wa baba, wa mama, wa daktari na wa shahidi. Wa mtoto haumo. Katika barua hii tumeuweka.

Tulimsomea yote haya asubuhi ya leo, taratibu, aya kwa aya. Hakufumba macho. Mnafahamu kutoka kwenye faili lake kwamba vidole vyake vimekunjwa ngumi tangu kuzaliwa. Huwa tunavifungua sisi, kwa maji ya uvuguvugu, kimoja baada ya kingine, ili viganja visioze. Leo hatukuvigusa. Tulimwekea karatasi na kidau cha wino chini ya mkono, tukamwambia pale ni pake akitaka, tukakaa. Wino ulikauka mara mbili tukauongeza. Duka halikufunguliwa. Wateja wawili waliokuja waliambiwa kuna kikao, nao wakavuta viti wakangoja.

Wako katika kumtunza mtoto,

Mama (sahihi)

Baba (sahihi)

Bibi, mpiga chapa na shahidi (sahihi)

Mtoto mwenyewe (alama ya kidole gumba cha kulia, saa sita kasoro dakika kumi. Ngumi aliifungua mwenyewe.)